Barcelona Iko Nchi Gani?

Uliye Ruangwa mjini, uliye Mnacho, Mandawa au Namungo, na wewe wa kule Nachingwea, Naipanga hadi Stesheni, karibu tukae. Najua msimu huu masikio ya wengi yako kwenye mnada wa korosho, na mtu akikuletea habari za Uhispania unaweza kumwona hana kazi. Nivumilie. Sababu ni kichekesho nilichokishuhudia Jumamosi iliyopita katika kibanda umiza.

Vibanda vyetu unavijua. Bati juu, turubai ubavuni, mabenchi ya mbao ambayo ukikaa katikati huinuki mpaka wa pembeni ainuke, runinga imefungiwa ndani ya sanduku la nondo kama mahabusu, na mlangoni kijana mwenye mkoba anapokea mia tano mia tano. Mbele yangu alikaa mtoto wa miaka kumi na minne hivi, jezi ya Barcelona mwilini, mgongoni namba kumi na jina la Lamine Yamal ambalo herufi yake ya mwisho ilishabanduka kwa kufuliwa. Kando yake alikaa mzee mmoja ambaye nadhani alifuata gumzo kuliko mpira. Mzee akamgusa bega.

"Mjukuu wangu, hiyo Barcelona iko nchi gani?"

Mtoto, bila kugeuza shingo: "Babu, Barcelona ndiyo nchi yenyewe."

Mzee akanyamaza kidogo. "Na rais wake nani?"

"Laporta."

Kibanda kizima kiliangua kicheko, nami nikiwemo. Joan Laporta amekuwa rais kweli, lakini wa klabu. Nilipokuwa narudi nyumbani, tochi mkononi, nikaanza kujiuliza kama tulikuwa na haki ya kumcheka yule mtoto. Maana jibu lile angelitoa katikati ya Barcelona kwenyewe, wapo ambao wangempigia makofi, na wapo ambao wangenuna. Pengine wangefika hata kushikana mashati.

Tarehe 1 Oktoba 2017 serikali ya jimbo la Catalonia, ambalo Barcelona ndio mji wake mkuu, iliitisha kura ya maoni kuuliza wananchi kama wanataka Catalonia iwe nchi inayojitegemea. Mahakama ya Katiba ilikuwa imeshaipiga marufuku kura hiyo. Watu wakaenda kupiga, polisi waliotumwa kutoka Madrid wakaenda kuzuia, virungu vikatembea, masanduku ya kura yakanyang'anywa shuleni. Siku hiyohiyo Barcelona ilikuwa na mechi ya ligi nyumbani, dhidi ya Las Palmas. Ikachezwa milango imefungwa, uwanja mkubwa kuliko yote Ulaya hauna mtu hata mmoja jukwaani. Na Las Palmas, timu ya kutoka visiwani, wakaingia na jezi zilizoshonwa bendera ndogo ya Uhispania kifuani, makusudi, ili ijulikane wao wako upande gani. Barcelona wakashinda 3–0. Mwishoni mwa mwezi huo bunge la Catalonia likatangaza uhuru, Madrid ikaivunja serikali ya jimbo siku ileile, na kiongozi wake, Carles Puigdemont, akakimbilia Ubelgiji.

Sasa mwambie mtoto wa Ruangwa kwamba Barcelona si nchi. Mwambie, lakini mwambie kwa adabu.

Nilichokuja kukiona, msikilizaji, ni kwamba sisi tunaotazama mpira wa Uhispania kila wiki tumeshika ramani ya nchi ile mkononi bila kujua. Majina ya timu ndiyo majimbo yenyewe. Tumeyakariri kama mtoto anavyokariri bila kuelewa, tukaishia kuifanya nchi nzima kuwa Barca na Real, wengine wote wasindikizaji.

Katiba wanayoitumia Wahispania ni ya mwaka 1978, miaka mitatu baada ya kufa Jenerali Franco, aliyewatawala kwa mkono wa chuma tangu 1939. Chini yake yamezaliwa majimbo 17, kila moja na bunge lake, serikali yake na bendera yake. Sisi habari ya serikali ndani ya nchi tunaielewa, tunayo Zanzibar. Basi wao ni kama wana Zanzibar kumi na saba, tena za uzito tofauti. Wabaski na jirani zao wa Navarra wanakusanya kodi wenyewe kisha wanaipelekea Madrid fungu lake. Wakatalani hawana ruhusa hiyo, na kila mwaka wanalalamika kwamba wanachotoa ni kingi kuliko kinachowarudia. Madrid yenyewe haikuwa mji wa maana mpaka mfalme Felipe wa Pili alipoihamishia serikali yake mwaka 1561, kwa kuwa iko katikati. Sisi mwaka 1973 tuliitazama ramani tukasema Dodoma. Hoja ni ileile, tofauti ni miaka mia nne.

Na hilo neno Real mnalolipigia kelele si jina la mtu wala la mtaa. Maana yake ni "ya kifalme". Mfalme Alfonso wa Kumi na Tatu aliipa Madrid heshima hiyo mwaka 1920, lakini Real Sociedad ya San Sebastián ilishaipata mwaka 1910. Kwa hiyo ukisikia mtu kibandani anasema "Real" peke yake, muulize Real ipi, kama unavyomuuliza mtu anayesema "nimekutana na Mohamedi".

Franco ndiye aliyetaka Uhispania iwe kitu kimoja kwa nguvu. Lugha moja, Kihispania cha Castilla, na nyingine zisisikike shuleni wala ofisini. Mpaka timu zikabadilishwa majina: mwaka 1941 Athletic ya Bilbao ililazimishwa kuwa Atlético, kisa neno la mwanzo lina sura ya Kiingereza, na Barcelona nayo ikapangiwa jina lake upya kwa mpangilio wa Kihispania. Majina ya zamani yalirudi miaka ya sabini. Katika kipindi chote hicho mtu wa Barcelona aliyetaka kuzungumza Kikatalani kwa sauti, mbele za watu, bila kukamatwa, alikuwa na mahali pazuri pa kufanyia hivyo: uwanja wa mpira. Nani atamkamata mtu mmoja kati ya maelfu?

Hapo kwa Wabaski nataka nikae kidogo, kwa sababu wao ndio walionishangaza kuliko wote.

Wako kaskazini, kwenye bahari na milima inayopakana na Ufaransa. Lugha yao haina ndugu duniani. Kihispania, Kikatalani, Kireno na Kifaransa wote ni watoto wa Kilatini, kama Kimwera, Kimakonde, Kiyao na Kimakua walivyo watoto wa nyumba moja. Kibaski kimesimama peke yake; kilikuwepo kabla ya Warumi kufika, na hakuna aliyeweza kuonyesha kinatokana na nini. Tukitaka mfano wa nyumbani, ni Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi, ambao lugha yao nayo wataalamu wameitafutia ukoo wakaukosa. Na bado, fikiria, kwa Kibaski mama anaitwa ama. Timu ya Osasuna, mnayoiweka kwenye mkeka wa kubashiri kila wiki bila kuwaza, jina lake ni neno la Kibaski lenye maana ya "afya". Na Xavi, aliyekuwa fundi wa Barcelona, jina lake Xavier limetokana na maneno ya Kibaski yenye maana ya "nyumba mpya". Lilikuwa jina la ngome huko Navarra alikozaliwa padri Fransisko Xaveri, yule mtakatifu. Na padri huyo, akiwa safarini kwenda Goa katika meli ya Wareno, alitia nanga Malindi mwaka 1542. Kwa hiyo mtu wa Navarra alikanyaga pwani ya Waswahili karibu miaka mia tano kabla ya dishi la kwanza kufungwa hapa Ruangwa.

Athletic ya Bilbao wana mwiko wao, na wameushika zaidi ya miaka mia moja: hawachezeshi mtu ila Mbaski, aliyezaliwa kwao au aliyelelewa kisoka kwao. Fedha wanazo, wangeweza kununua Mbrazili kama wengine. Hawanunui. Na kwa mwiko huohuo hawajashuka daraja hata mara moja tangu ligi ianze mwaka 1929. Timu nyingine zenye sifa hiyo ni Real Madrid na Barcelona tu.

Sasa tazama ndugu wawili wa Athletic, Iñaki na Nico Williams. Weusi kama mimi na wewe. Wazazi wao walitoka Ghana, wakavuka jangwa la Sahara, sehemu nyingine kwa miguu, wakaingia Uhispania kupitia Melilla. Iñaki alizaliwa Bilbao mwaka 1994, Nico akazaliwa Pamplona mwaka 2002. Mwiko wa Athletic haukuuliza rangi, uliuliza umezaliwa wapi na umekulia wapi. Aprili 2024 walichukua Kombe la Mfalme baada ya kulikosa miaka arobaini. Wao kombe hawalipitishi kwenye basi la wazi. Wana tishari lao la zamani, la kubebea mizigo, ambalo mara ya mwisho lilitumika mwaka 1984; wakalirudisha majini, wachezaji wakapanda juu, wakapita nalo mtoni katikati ya mji, na watu wakajaa kingo zote mbili. Watoto wa Ghana juu ya tishari la Wabaski. Kisha Julai mwaka huohuo, Berlin, fainali ya Ulaya, Uhispania na Uingereza: bao la kwanza Nico Williams, la pili Mikel Oyarzabal wa Real Sociedad, naye Mbaski. Uhispania 2, Uingereza 1. Mabao ya kombe la Uhispania yalifungwa na watu wa timu za jimbo ambalo lina chama cha kudai kujitenga.

Ukitoka hapo ukielekea magharibi unafika Galicia, kwenye mvua na samaki, kwa Celta Vigo na Deportivo La Coruña. Lugha yao ni pacha wa Kireno. Wazee wa Nachingwea, nyinyi mliokaa jirani na kambi ya FRELIMO miaka ile Samora Machel akiwa hapo, mkaokota Kireno cha salamu na cha kuombea sigara, nadhani mngeelewana na mvuvi wa Vigo upesi kuliko na karani wa Madrid. Galicia ilikuwa maskini, watu wake walihama kwa meli nyingi kwenda Argentina na Cuba. Walikwenda wengi hivyo kwamba mpaka leo Mwargentina akimwona Mhispania yeyote, awe wa Sevilla au wa Barcelona, humwita gallego, yaani mtu wa Galicia.

Hapo ndipo niliposimama nikacheka peke yangu. Mtu wa Ruangwa akifika Kariakoo anaitwa nani? Mmakonde. Umwambie wewe ni Mmwera, Myao, Mmakua, Mngindo wa Liwale, haimsaidii kitu. Umetoka Kusini, basi wewe Mmakonde, na wataanza kukuigiza: "ntu", "nchana", "ntoto". Wamefungua midomo juu ya lafudhi yetu katika vichekesho vya runinga tangu nikiwa kijana.

Nao Wahispania wana Kusini yao. Inaitwa Andalusia, na sisi tulishaiona kwa macho kabla hatujaijua: tarehe 23 Mei 2019 Sevilla walikuja Dar es Salaam wakacheza na Simba pale Uwanja wa Taifa, ambao sasa una jina la mtoto wa Kusini, Benjamin Mkapa. Sevilla walishinda 5–4, na watu wa Simba hadi leo hawaoni kama walifungwa. Sevilla na Betis wote ni wa mji mmoja. Betis ndilo jina ambalo Warumi waliuita mto wa pale. Waarabu walipokuja wakauita al-wadi al-kabir, mto mkubwa, na Wahispania wakaufupisha kuwa Guadalquivir. Aliyepita madrasa hapo nyumbani hahitaji mkalimani.

Waislamu walitawala sehemu za Uhispania kuanzia mwaka 711 mpaka Granada iliposalimu amri Januari 1492. Karibu miaka mia nane, na Andalusia ndiko walikokaa muda mrefu kuliko kwingine. Ndiyo maana lugha yao na yetu zina vitu vilivyotoka dukani kwa mtu mmoja, Mwarabu. Sukari, wao azúcar. Zafarani, azafrán. Zeituni, aceituna. Sifuri, cero. Neno letu "hata", kwa maana ile ya wazee ya "tangu asubuhi hata jioni", kwao ni hasta. Mtu akiagana nawe mpaka kesho atasema hasta mañana. Na wakitaka jambo litokee, Mkristo, asiyesali, yeyote yule, husema ojalá, neno ambalo ndani yake mna jina la Mwenyezi Mungu kwa Kiarabu, ndugu wa inshallah yetu. Wanalitamka kila siku na wengi wao hawajui.

Watu wa Andalusia wanameza "s" mwisho wa neno, na huko Madrid wanachekwa. Kwa miaka mingi katika filamu na michezo ya runinga za Uhispania, mtumishi wa ndani au mtu wa kuchekesha alipewa lafudhi ya Kusini. Unaona?

Ardhi yao ilishikwa na mabwana wachache wenye mashamba makubwa, wengine wote vibarua wa siku. Basi kuanzia miaka ya hamsini vijana wakaanza kuondoka. Kulikuwa na treni iliyotoka Sevilla kwenda Barcelona, ikachukua usiku na mchana, watu wakaipa jina la Sevillano. Walipanda nayo na masanduku ya makaratasi yaliyofungwa kamba, wakaenda kutafuta kazi katika ujenzi, katika nguo, katika kiwanda cha magari cha SEAT. Wakajenga vibanda pembezoni mwa Barcelona, na wenyeji wakawapa jina la kuwadharau: charnego.

Nilipolisoma neno hilo nililiweka kando ya neno letu, machinga. Wengi husema lilianza na vijana wa huku Kusini, Wamachinga, waliokwenda Dar kutembeza mitumba na vitana, na leo kila anayeuza barabarani, awe Msukuma au Mchaga, ni machinga. Mimi nilipita njia hiyo. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji tuliivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika moja mto ulifurika tukalala kando ya maji siku mbili, nikala muhogo mbichi na mama mmoja wa Nangurukuru ambaye hata jina lake sikuliuliza. Kwa hiyo mtu akinieleza habari za ile treni ya Sevillano, mimi simwombi ufafanuzi.

Lakini hapa kuna jambo la msimu, na wakulima mnisikilize. Katika mkoa wa Jaén, hukohuko Andalusia, kuna miti ya mizeituni zaidi ya milioni 60. Ukipanda kilima unaona mizeituni, ukishuka mizeituni. Wanavuna miezi hii hii tunayovuna sisi korosho, kuanzia Novemba. Wao hawangoji tunda lianguke. Wanatandika nyavu chini, wanapiga matawi kwa fimbo ndefu, tunda linanyesha. Sisi mkorosho unaangusha wenyewe, kazi yetu ni mgongo: kuinama, kuokota, kuzungusha korosho itoke kwenye bibo, kuanika. Uhispania ndiyo nchi ya kwanza duniani kwa mafuta ya zeituni. Ila kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mafuta hayo iliondoka kwa wingi ndani ya matangi kwenda Italia, ikatiwa kwenye chupa nzuri na kuuzwa duniani kwa majina ya Kiitaliano. Mlaji wa Amerika alisifu Italia, na mkulima wa Jaén akabaki na bei ya tangi. Sihitaji kuwaeleza watu wa RUNALI, chama chetu cha ushirika, maana ya jambo hilo. Magunia yanatoka ghalani, bei inasomwa mnadani, na korosho zinapanda meli zikiwa na maganda yake kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko.

Yako majimbo mengine ambayo nitayapita haraka. Valencia na mpunga wake na machungwa. Extremadura, alikotoka Hernán Cortés aliyeiteka Mexico na Francisco Pizarro aliyeiteka Peru. Lakini Aragón siwezi kuiruka, kwa ajili ya mkoa mmoja uitwao Teruel. Umebaki na watu wachache, vijana wamehama, na hakuna treni ya moja kwa moja kutoka mji wa Teruel kwenda Madrid. Mwaka 1999 wananchi wakaanzisha harakati yenye jina ambalo sijapata kuona jina la kunyong'onyesha kama hilo: "Teruel ipo". Walikuwa wanawakumbusha wenzao kwamba wapo. Mwaka 2019 wakapata kiti bungeni kwa jina hilohilo. Nanyi wa Nachingwea mna kata inayoitwa Stesheni, na treni haipo. Reli ya mradi wa karanga, ule wa Waingereza ulioanza 1947 ukafa baada ya miaka michache, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Limebaki jina.

Nisimalize bila kuileta habari Afrika, kwa sababu Uhispania imo Afrika. Ceuta na Melilla ni miji ya Uhispania iliyoko kwenye pwani ya Morocco, na imezungushiwa uzio mrefu wenye waya, ule ambao wazazi wa akina Williams waliuvuka. Visiwa vya Kanari, kwao Las Palmas na kwao Pedri wa Barcelona, viko karibu na Morocco kuliko na Madrid. Ni kilomita mia moja tu hivi kutoka pwani ya Afrika, na mashua za vijana wa Senegal, Mali na Gambia zinaelekea huko, nyingine hazifiki. Jambo moja la Kanari linanipendeza kama mtu wa redio. Visiwa hivyo viko nyuma kwa saa moja. Basi mtangazaji wa Madrid kila akitaja saa lazima aongeze: saa moja pungufu Kanari. Kila saa, kila siku, nchi nzima inakumbushwa kwamba kuna watu wake baharini ambao saa yao ni nyingine.

Na tunayo nchi ya Kiafrika inayozungumza Kihispania, Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru wake tarehe 12 Oktoba 1968. Nayo ina sehemu zake: kisiwa cha Bioko chenye mji wa Malabo, ambacho ni cha Wabubi; bara, penye mji wa Bata na Wafang; na kisiwa kidogo cha Annobón, mbali kabisa kusini. Wabubi na Wafang lugha zao ni za Kibantu kama zetu. Taifa Stars tunawafahamu: tuliwafunga 2–1 Dar es Salaam Novemba 2019, wakatufunga 1–0 kwao Machi 2021. Sasa turudi kwa yule mtoto wa kibandani. Lamine Yamal aliye mgongoni mwake, mama yake ametokea Guinea ya Ikweta, baba yake Morocco. Amekulia Rocafonda, mtaa wa watu wa hali ya chini katika mji wa Mataró, nje kidogo ya Barcelona. Zile ishara za vidole anazofanya akifunga goli ni 304, tarakimu za mwisho za namba ya posta ya mtaa wake. Dunia nzima inamwita mtoto wa Barcelona, na yeye kila akifunga anataja Rocafonda.

Nimemtafuta yule mtoto ili nimwombe radhi kwa kile kicheko, sijampata. Ukimwona, jezi ya Barca, namba kumi, herufi ya mwisho haipo, mwambie aje. Na mkiwa kibandani usiku huu, muulizeni mwenye mkeka maana ya Osasuna kabla hajaisalimisha elfu mbili yake.

Saa yangu hapa Ruangwa inasoma saa tatu na nusu usiku. Madrid, Bilbao na Sevilla ni saa moja na nusu. Visiwa vya Kanari ni saa moja pungufu. Mpira unaanza saa tano.